Shati Lililolowa Halimo Kitabuni

Mwaka 2025, Netflix ilipotangaza kwamba inaitengeneza upya Pride and Prejudice, riwaya ya Jane Austen, safari hii Emma Corrin akiwa Elizabeth Bennet na Jack Lowden akiwa Bwana Darcy, kaka yangu aliisoma habari hiyo kwenye simu na kuuliza swali ambalo nadhani liliulizwa kwenye sebule nyingi: "Si ipo tayari? Sasa hii nyingine ya nini?"

Kosa lake ni kuuliza mbele ya mkewe. Wifi yangu ni mtu mpole, lakini riwaya hiyo anayo tangu yuko chuo, na filamu ya 2005 ameitazama mara nyingi mpaka watoto wanakijua kinanda chake. Usiku uleule akaiweka kwenye laptop "ili Baba Neema aelewe". Haikufika nusu saa akaisimamisha. Darcy amempa Elizabeth mkono kumsaidia kupanda gari la farasi, amemwachia, anaondoka zake bila neno, na kamera inashuka hadi kwenye mkono wake: vidole vinatanuka ghafla, kama vya mtu aliyeshika sufuria ya moto bila kitambaa. Sekunde mbili, labda tatu. Wifi akarudisha nyuma. Akarudisha tena.

"Mkono tu huo," kaka akasema.

"Mkono tu? Hebu nyamaza, Baba Neema."

Asubuhi nilichukua kitabu nikautafuta huo mkono. Nilikwenda mpaka sura ya 12, pale Elizabeth na dada yake Jane wanapoondoka Netherfield, nyumba aliyopanga Bingley, rafiki wa Darcy. Haupo. Kilichopo ni hiki: Darcy ameshajishtukia kwamba binti huyu anamvutia kupita kiasi, akaamua kujizuia. Jumamosi nzima hamsemeshi hata maneno kumi. Wanaachwa peke yao chumbani nusu saa, naye kazamisha macho kwenye kitabu chake, hata kumtupia jicho hataki.

Fundo la mada hii liko hapo. Tunaambiwa kila siku kwamba mashabiki wa riwaya hawataki mabadiliko, kwamba wanataka filamu ifuate kitabu neno kwa neno. Mbona basi sekunde wanazozipenda kuliko zote ni za jambo ambalo mwandishi hakuliandika?

Kwanza tuelewane maneno

Riwaya inapogeuzwa kuwa kitu cha kutazamwa, kitu hicho kinaweza kuwa filamu, yaani kazi ya saa mbili hivi unayoimaliza kwa kikao kimoja, au tamthilia ya vipindi, ile ambayo mtaani tunaiita sizoni. Humu nitaviita vyote "toleo". Kuna pia toleo lililohamishwa: mifupa ya hadithi ni ileile, lakini watu, nchi na zama vimebadilishwa. Na shabiki ninayemzungumzia si kila aliyetazama. Ni yule aliyekipenda kitabu mpaka wahusika wake anawaongelea kama majirani.

Jambo la kwanza linalowachanganya watu ni kudhani kwamba toleo jipya ni marudio ya filamu ya zamani. Kaka aliposema "si ipo", alikuwa akiifikiria filamu. Watengenezaji wao, kwa maneno yao angalau, wamerudi kitabuni. Ni kama wapishi wawili wanaopika pilau kwa maelekezo ya bibi mmoja: wa pili hafuati sufuria ya wa kwanza, anafuata maelekezo. Tatizo ni kwamba waalikwa wameshaila ile ya kwanza, na ladha yake iko ulimini bado.

Pride and Prejudice, ambayo kwa haraka tungeiita Majivuno na Kuhukumu Mapema, ilitoka Januari 1813. Jane Austen aliiuza kwa mchapishaji kwa pauni 110, na jina lake halikuwekwa kwenye kitabu. Ni hadithi ya familia yenye mabinti watano na mali isiyoweza kurithiwa na binti, mama anayehangaika kuwaoza, na bwana tajiri mwenye maringo anayemdharau binti wa pili hadharani kisha akampenda bila kutaka. Hollywood iliicheza mwaka 1940, Greer Garson akiwa Elizabeth. Alikuwa na miaka 35, wakati Elizabeth wa kitabuni hajafika 21, na magauni waliyowavika waigizaji yalikuwa ya mapana makubwa ya miongo kadhaa baadaye. BBC ikaicheza mwaka 1980, ikarudia mwaka 1995. Mwaka 2005 ikaja filamu ya Joe Wright. Hapo sijahesabu yaliyohamishwa, na yapo mengi, likiwemo moja lenye mazombi.

Swali la kaka lina jibu moja la kisheria ambalo halina utamu lakini linaeleza mengi. Hakimiliki ina mwisho. Tanzania na Kenya sheria humlinda mwandishi maisha yake yote na miaka 50 baada ya kufa, Uingereza ni miaka 70. Austen alifariki mwaka 1817. Kitabu chake ni mali ya umma, kama kisima cha kijiji: yeyote mwenye ndoo anateka, haombi mtu. Linganisha na Harry Potter. Filamu nane zilitoka kati ya 2001 na 2011, zote za Warner Bros., na tamthilia ya HBO iliyoanza kupigwa picha mwaka 2025 inatoka kwa wenye haki walewale. Kisima hicho kina mlango na kufuli, na mwenye ufunguo ni mmoja. Ndiyo maana mashabiki wa Austen hugombana wao kwa wao wakichagua kati ya matoleo, na wa Harry Potter hugombana zaidi na mwenye ufunguo.

Fundi na kitambaa

Riwaya hii ina sura 61. Ichukulie kama doti nzima ya kitenge. Filamu ya saa mbili ni blauzi. Hata fundi awe hodari vipi, lazima akate, na kila kipande kinachoanguka chini kuna mtu alikuwa anakipenda. Filamu ya 2005 ilimwacha kabisa dada mmoja wa Bingley pamoja na mumewe. Filamu za Harry Potter zilimwacha Peeves, lile zimwi la fujo la pale shuleni. Mwigizaji wake alishapigwa picha, sehemu zake zikaishia kwenye vipande vya sakafuni, na mpaka leo kuna watu wazima wenye kazi zao wanaomlilia. Toleo la BBC la 1995 lina vipindi sita, zaidi ya saa tano. Hilo ni gauni refu na kilemba juu. Kwa hiyo wapenzi wake wanapoisema ya 2005 kwamba inakimbia, wana haki, ila wanalinganisha nguo mbili zisizotoka kwenye urefu mmoja wa kitambaa.

Ugomvi ungekuwa wa urefu tu ungekuwa rahisi. Toeni vipindi ishirini, yaishe. Lakini kuna kitu kwenye riwaya ambacho hata ukipewa saa mia hukipati kwa kamera, nacho ni sauti ya msimulizi.

Kitabu kinaanza kwa sentensi maarufu inayosema, kwa maneno yangu, kwamba dunia nzima inakubali kuwa mwanamume mseja mwenye mali hana budi kuwa anatafuta mke. Austen hamaanishi hivyo. Anamaanisha kwamba akina mama wa mtaa ule wameshaamua hivyo, mseja apende asipende. Anaandika kama mwanamke wa pwani anayepita mbele ya mlango wa jirani amevaa kanga yenye jina lake: hajasema kitu, hajamtaja mtu, na ujumbe umefika. Sasa kanga hiyo utaipigaje picha? Toleo la 1995 lilimpa Elizabeth sentensi ile aiseme kwa mdomo wake akiwatania wenzake. Ile ya 2005 haikuitia kabisa, ikaacha macho na mwendo wa watu viseme.

Na ndiyo maana ya ule mkono. Kitabuni tunajua Darcy anajizuia kwa sababu msimulizi ametuambia. Kwenye filamu hakuna wa kutuambia. Muongozaji akachukua nusu saa ya kuinamia kitabu na maneno yasiyofika kumi, akavifinyanga vyote kuwa vidole vitano vinavyotanuka. Tukio limebuniwa, lakini habari inayopelekwa ni ya kitabuni. Shabiki analihisi hilo hata kama hana maneno ya kulieleza, na mioyo ya mashabiki hutulia hapo hata pale midomo inapolalamika.

Angalia upande wa pili wa shilingi. Katika kitabu cha nne cha Harry Potter, jina la kijana linapotoka kwenye kikombe kimiujiza, mwalimu mkuu Dumbledore anamuuliza kama ni yeye aliyeliweka. Kitabu kinasema aliuliza kwa utulivu. Kwenye filamu ya 2005, Dumbledore anamvamia mtoto, anamkaba mabegani na kufoka. Maneno ni yale yale karibu yote! Tukio ni lile lile. Na bado ndilo kosa linalochekwa kuliko mengi ya filamu zile, kwa sababu Dumbledore wa kitabuni ndiye mtu mmoja ambaye hapandishi sauti wengine wote wakiwa wamechanganyikiwa. Kwa hiyo unaweza kufuata kitabu neno kwa neno ukakikosa, na unaweza kubuni mkono ukakipata.

Turudi 1995, kwenye shati. Darcy wa toleo hilo, Colin Firth, anarudi nyumbani kwake siku ya joto, anajitosa kwenye bwawa, na akitembea kurudi ndani, shati jeupe limemganda mwilini, anakutana ana kwa ana na Elizabeth, aliyekuja kuitazama nyumba akidhani mwenyewe hayupo. Wote wanababaika. Uingereza haijapona. Mwaka 2013 sanamu ya Darcy yenye urefu wa futi 12 iliwekwa ndani ya ziwa la Serpentine jijini London, kifua nje ya maji. Shati lenyewe lilipigwa mnada mwaka 2024, likauzwa pauni 20,000. Yaani shati ambalo Austen hakuliandika limeingiza fedha ambazo yeye kwa kitabu kizima hakuziota, hata tukikumbuka kwamba pauni ya 1813 haikuwa pauni ya leo.

Kitabuni, sura ya 43, hakuna bwawa la kuogelea wala shati. Darcy anatokea tu kwenye njia inayotoka mazizini, amefika siku moja kabla ya wageni wake, wanaonana wakiwa hatua ishirini hivi, na nyuso zao wote wawili zinaiva kwa haya. Haya hiyo ndiyo iliyopigwa picha. Maji yaliongezwa ili ionekane.

Anayebadili kila kitu husamehewa

Hapa pana kitendawili ambacho watengenezaji wengi wa filamu hawajakitegua, na kinawagharimu.

Mwaka huo huo wa 1995 ilitoka filamu ya Clueless. Imeichukua Emma, riwaya nyingine ya Austen, ikaipeleka Beverly Hills kwa wasichana wa shule wenye simu, magari na makabati ya nguo yanayochaguliwa kwa kompyuta. Majina ya watu yamebadilishwa karibu yote. Mashabiki wa Austen wanaipenda, na wengi wao hukuambia kuwa inamwelewa Emma kuliko zile zenye magauni na kofia za zamani. Mwaka 2004, kwenye filamu ya Bride and Prejudice, Gurinder Chadha aliwapeleka akina Bennet Amritsar, India, Aishwarya Rai akiwa ndiye Elizabeth, nyimbo na ngoma kama kawaida ya filamu za Kihindi. Ukiifikiria vizuri, mama anayewasaka wakwe wenye uwezo kwa ajili ya mabinti zake anaeleweka haraka zaidi Amritsar, au kwetu Tanga, kuliko London ya sasa.

Halafu mwaka 2022 Netflix ikatoa Persuasion, kutoka riwaya nyingine ya Austen, Dakota Johnson akiwa Anne Elliot. Majina yaleyale, magauni yaleyale, nyumba zilezile za zamani. Mashabiki wakaikataa kwa hasira ambayo iliwashangaza watu wa nje. Kwa nini? Anne ana miaka 27. Miaka minane nyuma alishawishiwa amwache mwanamume aliyempenda kwa sababu hakuwa na mali. Tangu hapo anameza. Anawatumikia ndugu wasiomthamini, anasikia jina la yule bwana likitajwa mezani, anameza tena. Kitabu kizima ni koo la mtu anayemeza, mpaka barua moja karibu na mwisho inapofungua kila kitu. Filamu ikampa Anne mdomo: anaikonyeza kamera, anatuambia siri zake, anatania kwa lugha ya vijana wa leo kuhusu wapenzi walioachana. Ukimpa Anne mahali pa kupumulia, barua ile inapofika haina cha kufungua.

Tofauti ya filamu hizi ni ahadi. Ukibadili jina, nchi na zama, umemwambia mtazamaji mapema: hii ni yangu, nimeazima mifupa. Hakudai kitu. Ukibaki na jina la kitabu, magauni ya kitabu na majina ya watu, umeahidi kumleta mtu fulani anayefahamika. Ni kama mtu kukuambia "shangazi yako amekuja", ukatoka mbio, ukamkuta mwanamke mwingine kabisa amevaa kanga za shangazi. Aliyefika anaweza kuwa mtu mzuri sana. Lakini hukutoka mbio kwa ajili yake. Basi anayebadili kila kitu husamehewa, na anayebadili nusu ndiye anayeburuzwa mahakamani.

Lipo eneo moja ambapo nadhani watu huwadharau mashabiki isivyo haki, nalo ni sura ya mwigizaji. Wakilalamika kwamba Greer Garson alikuwa mkubwa mno kwa Elizabeth, ni lalamiko dogo, unaweza kulipuuza. Lakini chukua Wuthering Heights ya Emily Brontë, ya mwaka 1847. Heathcliff anaokotwa mtoto kwenye mitaa ya Liverpool, hajulikani kwao, na kitabu kinamweleza kuwa mweusi wa sura kama Mjipsi. Mtu mmoja anamkisia kuwa Laskari, yaani baharia wa Kihindi. Nyumba nzima inamtenga kwa hilo, na kisasi chake kinaotea hapo. Mwaka 1939 akachezwa na Laurence Olivier, Mwingereza mweupe ambaye mwaka uliofuata akawa pia Darcy, na filamu ile ikaishia katikati ya kitabu, kizazi cha pili kikatupwa chote. Mwaka 2011 Andrea Arnold akampa sehemu hiyo James Howson, mwigizaji mweusi. Kwa hiyo muongozaji Emerald Fennell alipomteua Jacob Elordi, mwigizaji mweupe, kwa toleo lake, mabishano yaliyozuka hayakuwa ya watu wasio na kazi. Ukiiondoa sababu ya Heathcliff kutengwa, lazima uweke nyingine mahali pake, la sivyo unabaki na kijana mzuri mwenye hasira zisizo na chanzo. Shabiki anayeuliza "sura hii inabeba nini kwenye hadithi?" ameuliza swali la fundi kabisa.

Ubavu wa toleo la kwanza

Nimekuwa nikiwatetea mashabiki. Sasa niwaseme kidogo, nikijisema na mimi.

Tunapodai kukitetea kitabu, mara nyingi tunatetea toleo la kwanza lililotuingia. Filamu ya 2005 ilipotoka, wapenzi wa 1995 waliikaribisha kwa mabaya. Nguruwe anapita ndani ya nyumba ya akina Bennet, watu wenye ardhi yao! Posa ya kwanza, ambayo kitabuni iko chumbani nyumbani kwa kasisi, imepelekwa nje kwenye mvua. Toleo lililoonyeshwa Marekani likaongezewa mwisho wenye mabusu ambao watazamaji wa Uingereza hawakupewa, kana kwamba hao wengine wasingeelewa bila hayo. Malalamiko yote yalitajwa kwa jina la kitabu. Lakini ukimsikiliza mlalamikaji dakika tano zaidi, hoja inageuka: "Firth asingefanya hivyo." Firth si Darcy wa Austen. Ni Darcy wa 1995, aliyelowa.

Mimi ni wa 1995, niungame tu. Wifi ni wa 2005. Na wapo wazee wa 1980 wanaotutazama sote kwa huruma, kwao Elizabeth ni Elizabeth Garvie, wengine ni wageni. Filamu iliyosemwa vibaya mwaka 2005 ilirudishwa kwenye majumba ya sinema ya Marekani mwaka 2025 kusherehekea miaka 20, vijana ambao hawakuwa wamezaliwa wakaenda kushangilia mkono. Sasa hiyo ndiyo mizani, na toleo la Netflix litapimwa humo.

Wanaokumbuka vibanda umiza wataelewa bila maelezo mengi. Filamu ya Kichina au ya Kimarekani ilikuja imetiwa Kiswahili na mtafsiri mmoja, mwenye utani wake, majina yake ya kuwabandika majambazi, vicheko vyake. Ukiizoea kwa sauti hiyo, ukikutana na filamu ileile imetafsiriwa na mwingine unahisi umeibiwa. Hata ukija kuiona na sauti zake za asili, inakuwa kama imepungua chumvi. Nani alisema nini kwenye filamu halisi hujui wala hujali. Mtu wako ndiye yule wa kwanza.

Ndipo unapoelewa kwa nini watu walewale wanaolalamika ndio wa kwanza kutazama. Bibi akisema "Paukwa!" na watoto wakaitikia "Pakawa!", wanaijua hadithi ya Sungura na Fisi mwanzo mpaka mwisho. Bibi akikosea, akasema Fisi alitumbukia kisimani kabla ya kula nyama, wanapiga kelele: "Hapana, bibi, nyama kwanza!" Hawajakasirika. Kumsahihisha bibi ni sehemu ya utamu wa hadithi. Na siku bibi akimpa Fisi sauti mpya ya mafua, wanagaragara kwa kicheko na kesho yake wanaidai sauti hiyo hiyo. Tayari imekuwa sehemu ya hadithi. Shati lilikuwa sauti ya mafua. Mkono pia.

Dhana mbili zilizobaki nazipitia haraka. Kwamba mashabiki hawataki riwaya yao iguswe tena: waulize wasomaji wa Percy Jackson, waliozikataa filamu za 2010 na 2013, pamoja na mwandishi mwenyewe Rick Riordan, wakashinikiza mpaka ikaja tamthilia ya Disney mwaka 2023. Waulize wa Dune kama walitaka ya 1984 iwe ndiyo ya mwisho. Na kwamba filamu huua kitabu: wachapishaji hawaamini hivyo, ndiyo maana kila toleo likitoka utakikuta kitabu kilekile dukani kikiwa na sura ya mwigizaji jaladani. Wala ushabiki wa namna hii si ujinga wa zama za simu. Mwingereza mmoja mhakiki alishawapa wapenzi wa Austen jina lao mwaka 1894, na mwaka 1924 mwandishi Rudyard Kipling alichapisha hadithi ya wanajeshi waliomsoma kwa siri kwenye mahandaki ya Vita vya Kwanza vya Dunia.

Kwetu hali hii tumeionja mara moja moja tu. Vuta N'kuvute ya Shafi Adam Shafi ilitoka mwaka 1999, wanafunzi wengi wa kidato cha tano na sita Tanzania wakaisoma kwa ajili ya mtihani, na mwaka 2021 Amil Shivji akaileta kama filamu, ikaonyeshwa kwa mara ya kwanza kwenye tamasha la Toronto. Nilipoitazama nilijikuta nafanya yaleyale ninayowacheka Waingereza. Mwajuma wa kichwani mwangu alikuwa na sauti nyingine, sauti ya mwalimu wetu aliyekuwa akitusomea darasani huku akipiga meza. Filamu imempendeza kila mtu niliyekaa naye, na mimi nilikuwa natafuta kurasa. Nikiwa njiani kurudi ndipo nilipotambua kwamba nilichokuwa nakitafuta hakikuwa kwenye kurasa pia. Kilikuwa kwenye darasa lile, jioni, umeme umekatika. Natamani siku moja itengenezwe tena, na mtu mwingine, kwa vipindi, kizazi cha wanaoijua hii ya 2021 kije kuilalamikia.

Juzi kaka amenipigia. Anasema wifi ameshatangaza kwamba hiyo mpya ya Netflix hataitazama, Darcy wake anaye, anamtosha. Halafu akashusha sauti, akaniuliza, kwa ajili ya mtu asiyetaka kutajwa, inatoka tarehe ngapi na bando la kiasi gani litafikisha vipindi sita.